Ukuta Uliolambwa na Mbuzi

Ninyi vijana mtakaosoma haya, chekeni, lakini mjue siku ile mimi sikucheka.

Ilikuwa miaka ya hamsini, hapa Ruiru. Wazazi wa kijana aliyemchumbia binti yangu Wanjiru walikuwa wanaleta mbuzi wa mahari, na nilitaka wakute nyumba safi. Mume wangu alikuwa ameleta chokaa kutoka shamba la kahawa. Kwangu gunia halitupwi, hufuliwa likatumika tena, kwa hiyo magunia yote ghalani yalifanana. Nikachukua moja lenye kitu cheupe bila kuuliza mtu, nikakoroga na maji, nikapaka ukuta wa mbele. Iliganda vizuri hata nikajisifu kwamba mimi silipi fundi.

Wageni walifika saa sita. Kabla sijamaliza kuwasalimu, mbuzi wao walivuta kamba, wakaenda ukutani wakaanza kulamba. Tukawafukuza, wakarudi.

Wanjiru akatoka jikoni. "Mama, unga wa chapati umeuweka wapi?"

Watu wote wakaangalia mbuzi, halafu wakaniangalia mimi. Nikajua uchumba umeishia hapo.

Mama wa kijana akagusa ukuta, akaonja kidole. "Nyumba hii hata ukuta unalishwa," akasema. "Msichana aliyelelewa hapa hatamlaza mwanangu njaa." Akacheka mpaka akashika mlango.

Nikafunga kitambaa changu cha kichwa upya, nikamwambia Wanjiru: "Pasha githeri ya jana, uongeze viazi. Na hao mbuzi waache wamalize."