Siku Niliyooa Nikiwa na Rungu Kiunoni

Chekeni tu, hata mimi nikiitazama picha ile nafunika uso, ila kuitoa ukutani siwezi: Furaha kavaa gauni jeupe la kuburuza chini, na pembeni yake bwana harusi, yaani mimi Dieudo, nimevaa sare ya ulinzi, mabuti yamejaa vumbi, rungu linaning'inia kiunoni.

Kosa lilikuwa mdomo wangu. Mwaka 2017 nililinda lango la ofisi moja ya umma pale Marshalltown, Johannesburg, na mwakilishi wa chama chetu cha wafanyakazi alikuwa Mama Nomsa, mlinzi mwenzetu, mfupi lakini ana sauti ya kusimamisha lori. Alitakiwa kwenda kubishana na wakubwa ili tupewe makoti (baridi ya Joburg alfajiri, eish, inauma mpaka kwenye meno), lakini ofisi ikagoma kumpa muda wa mambo ya chama, basi tukaiga wenzetu wa polisi wa jiji: kila mtu amchangie siku katika likizo yake, aende bila kukatwa mshahara.

Tukakutana kantini, watu wanatoa siku moja moja huku wakijikuna kichwa, na mimi moyo ukanijaa, nikapanda juu ya kiti.

"Mama, chukua zangu zote!"

Weee, vigelegele! Wakanibeba juu juu, nikajiona rais.

Siku ya harusi nilikuwa nimeshamwambia msimamizi, naye akaitikia "sharp", yaani sawa, kwa hiyo kichwani mwangu siku ile ilikuwa imewekwa pembeni, haimo katika nilizogawa. Kumbe wapi. Wiki yenyewe ya harusi ananiambia, "Jumamosi uko zamu. Likizo gani tena, si uligawa zote mbele ya watu?" Mwenye akili angemwomba Mama Nomsa arudishe moja. Mimi, baada ya kubebwa vile? Thubutu! Nikamwambia mchungaji kwamba ndoa ya saa ya chakula cha mchana ina baraka zaidi (Mungu anisamehe), ili nikaoe haraka nirudi langoni. Suti ningeivaa hukohuko kanisani, alikuwa ananishikia Mjomba Kasongo, fundi cherehani, mjomba wake Furaha.

Siku ikafika, nikakimbia mpaka Hillbrow, nikasukuma mlango wa kanisa kwa kishindo. Sasa fikirieni: ukumbi umejaa Wakongo wenzangu, nusu yao bado wanasubiri makaratasi ya kuishi nchini, halafu mlangoni anatokea mtu wa sare na rungu, anahema!

"Polisi!" mtu akapayuka.

Kwaya ikatawanyika, mpiga ngoma akaingia chini ya meza ya keki, na Mjomba Kasongo akatorokea dirishani na suti yangu.

"Ni mimi! Ni Dieudo! Nimekuja kuoa!"

Furaha peke yake hakukimbia. Alisimama mbele, mikono kiunoni. "Unanioa mimi au umeoa lango?"

Nikaeleza yote, machozi yananitoka, na kwamba nisiporudi sasa hivi kazi imekwisha.

"Basi rudi," akasema. "Mwanaume anayegawa harusi yangu kantini, nimfanyie nini?"

Mama Nomsa alikuwepo, mgeni wangu, kavaa kofia nyekundu ya Kizulu pana kama sinia. Kiswahili hajui, akamvuta mwanakwaya amtafsirie, kisha akaja polepole mpaka mbele.

"Kijana wangu, mpaka siku hii ulinipa mimi?"

Akanivua kofia ya kazi, akaibandika juu ya ile nyekundu yake. "Lango nalijua. Oa." Halafu akamgeukia Furaha: "Binti, huyu akili hana, lakini choyo pia hana. Mchukue."

Furaha akajikaza asicheke, akashindwa. Tukafunga ndoa, wakati Mama Nomsa amesimama langoni kwangu na viatu vya kisigino mpaka jioni.

Makoti tuliyapata. Langu analivaa Furaha alfajiri akienda saluni kusuka watu, mimi natetemeka langoni huku nimetanua kifua. Na siku hizi kikao chochote cha kuchangia, mikono yangu naikalia mpaka kwanza nimpigie mke wangu simu.