Perege Wenye Shanga

Nilirudi nyumbani na maiti ya baba asubuhi ya Jumatano, baada ya kukaa naye siku kumi na moja hospitalini Tanga mjini. Tulimzika baada ya swala ya adhuhuri. Katika siku zote hizo sikulifikiria bwawa hata mara moja, na hilo nalisema mapema kwa sababu mpaka leo najilaumu.

Bwawa lenyewe liko nyuma ya nyumba yetu, upande wa Moa, pale mikoko inapoishia. Baba alilichimba kwa jembe nilipotoka chuo cha uvuvi na kumwambia kwamba perege wetu wa asili wanakwisha. Watu walikuwa wameleta sato wa maziwa ya bara, wakawafuga, mvua kubwa zikaja zikavunja kingo, sato wakaingia mitoni na kuanza kuzaana na perege. Watoto wa mchanganyiko ule ukiwatazama utadhani perege watupu. Wakae kwenye bwawa linaloingiwa na maji ya bahari, utawaona wanavyodhoofu. Na mabwawa yetu huku karibu yote huingiwa na bahari.

Baba ndiye aliyekwenda kuwatafuta perege wa mwanzo, kwenye vijito vinne tofauti, kwa mguu, na ndoo kichwani. Nilimkataza kuwachukua wote mahali pamoja.

"Kwani wa kule na wa hapa wana tofauti gani?" aliniuliza.

Nikamweleza kwamba wa kijito kimoja huwa ndugu, na ukizalisha ndugu kwa ndugu kila kizazi kinakuwa dhaifu kuliko kilichotangulia. Akacheka, akasema babu zake waliyajua hayo kwa mbuzi, sasa mimi nilipoteza miaka mitatu chuoni kusomea nini? Lakini alikwenda. Nilikata vipande vidogo vya mapezi ya wale samaki, nikavituma kwa mtaalamu mmoja wa vinasaba niliyesoma naye. Akajibu kwamba ni perege safi, hawajachanganyika, na damu zao ziko mbalimbali vya kutosha.

Basi tukaanza. Katika kila kizazi tuliwabakiza waliokua vizuri kwenye maji ya chumvi ili wawe wazazi, waliosalia tukala na kuuza. Ili nisizichanganye koo zile nne, kila mzazi nilimpitishia uzi wa mshipi mgongoni, chini ya pezi, nikaufunga ushanga. Mwekundu wa kijito cha kwanza, wa buluu wa cha pili, na kuendelea. Mwenye nyekundu hakuzalishwa na mwenye nyekundu. Wazazi wote walikaa kwenye wavu wao peke yao, kwenye kona ya bwawa, wakila chakula bora kuliko changu. Tulifika kizazi cha sita. Wafugaji wawili walikuwa wameshaomba mbegu, na mimi, kwa ujeuri wangu, niliwaambia wasubiri kizazi kimoja zaidi.

Siku ya tatu ya msiba ikasomwa hitima. Nilikuwa nimekaa ndani mkekani na wanawake, macho yamevimba, sina habari ya jikoni. Jikoni alisimama shangazi, dada yake baba, aliyekuja kutoka Horohoro siku ya pili ya kuugua kwa baba akawa ndiye mwenye nyumba wakati mimi na mama yangu wa kambo tuko hospitali. Sinia zikaletwa, wali wa nazi na samaki wa mchuzi. Nilimega tonge nikala. Nasema wazi, nilikula, na nikaona mchuzi ni mzuri.

Jirani aliyekaa mkabala nami akaacha kutafuna, akatoa kitu mdomoni kwa vidole viwili, akakiweka ukingoni mwa sinia.

"Hee, ushanga," akasema.

Ulikuwa wa buluu.

Sikumbuki nilivyoinuka. Nakumbuka niko bwawani na kanga ya kichwani imeanguka njiani, nimeushika ule wavu wa kona, na ndani hamna kitu. Maji tu. Nikarudi jikoni, nikamkuta shangazi anakwangua chungu kwa kijiko.

"Shangazi, wale samaki wa wavuni?"

Akaniangalia kwa huruma, akajipangusa mikono. "Nimewatoa wote, mwanangu. Sikubakiza hata mmoja. Nadhiri haibakizwi."

"Nadhiri gani?"

"Si hao uliomwekea babayo? Nimefika hapa, mgonjwa yuko hoi, naona samaki wametengwa peke yao, wamenona, wamefungwa shanga. Mtu atatenga mnyama na kumtia alama bure, nyumba ina mgonjwa? Nikajua mwanangu kamwekea babake. Angepona tungekula kwa furaha. Hakupona, ndiyo sadaka yake hiyo." Kisha akaongeza kwa upole, kama mtu anayetoa hesabu ya amana, "Majike mengine yalikuwa na mayai mdomoni. Hayo nikawamwagia kuku."

Perege jike huatamia mayai mdomoni. Kile kilikuwa kizazi cha saba.

Nikapiga kelele. "Umemmaliza baba!" nikamwambia. "Umemmaliza, umemla!" Wanawake wakaja mbio wakanishika mikono, wakasema ni uchungu wa msiba, mwacheni alie. Hata mimi sikujua nalia kwa ajili ya nani. Shangazi alisimama na kijiko chake, hajui kosa lake.

Kilichobaki kilikuwa kijiwavu kimoja cha vifaranga chini ya kivuli, wa ukubwa wa kidole. Wote watoto wa mama mmoja na baba mmoja. Nilivitazama vile vijisamaki vikizunguka, nikavichukia.

Eda ya mama yangu wa kambo haijafika hata mwezi, nikachukua ndoo na wavu wa baba nikaenda kwenye vijito vyake. Kimoja baada ya kingine, nikivua, nikikata pezi, nikimrudisha samaki majini. Kijito cha nne kiko juu sana, mkondo wake ni mwembamba, na nilijiambia kwamba sato hawezi kupanda huko. Njiani niliomba dua kwa sauti kama mwendawazimu. Nikatuma vipande vyote.

Mtaalamu alinipigia mwenyewe.

"Dada, pole. Vyote vinne vimechanganyika."

"Hata kile cha juu?"

"Hata kile."

"Hakuna hata mmoja?"

Akasema kwamba perege safi anaowajua yeye ni wale vifaranga wangu niliomtajia, basi. Nianze na hao, au niache.

Siku ya arobaini shangazi akarudi. Watu walikuwa wamekwisha kumweleza. Alinifuata ukingoni mwa bwawa, akachuchumaa. Akaniuliza, huku akitazama chini, "Nambie wewe uliyesoma. Sadaka ambayo mtu hakuinuia, humfikia maiti?"

Nilikuwa na majibu mengi mabaya, nimeyapanga mwezi mzima.

"Imemfikia, shangazi," nikasema.

Akalia. Mimi sikulia.

Vifaranga walipopevuka niliwazalisha wao kwa wao, kaka na dada. Sikuwa na wengine. Wiki chache baadaye watoto wao walikuwa wameshakua vya kutosha kuonekana vizuri, nikawachota mmoja mmoja kwa kikombe cheupe kuwachunguza, kama ilivyokuwa kazi yangu miaka yote ile. Wengi walikuwa wamekufa. Kati ya waliobaki, mmoja aliogelea kwa kuzunguka, mgongo wake umepinda karibu na mkia. Miaka yote nilikuwa sifikirii mara mbili, samaki wa namna hiyo alitupwa pembeni bata wamle, asije akazaa.

Nilimshikilia kwenye kile kikombe mpaka maji yakapata joto la mkono wangu. Kisha nikainama nikamrudisha bwawani pamoja na wenzake.