Habari Aliyozunguka Nayo kwa Treni

Jumamosi nilikwenda katikati ya jiji la Durban kusukwa, nikawakuta wasichana wa saluni wamekaa nje juu ya ndoo zilizopinduliwa, mlango umefungwa. "Mama amekufa," mmoja akaniambia. Msusi wangu, Mkongomani wa Bukavu aliyeishi Sydenham, alikuwa ameshindwa na saratani. Nililia pale pale kibarazani, kisha nikakasirika, na ninapoandika haya hasira haijapoa. Wanaopenda marehemu azungumziwe kwa upole wanivumilie leo.

Mwaka jana, daktari alipomwambia ugonjwa umeenea, aliomba viza ya Ulaya akawaone ndugu zake: kaka mkubwa yuko Lyon, kaka wa pili Cologne, mdogo wao wa kike Paris. Ndege ilitua Paris. Mtu mwenye ramani angeanza kwa mdogo, apumzike, ndipo apande treni. Yeye aliipita Paris kama haijui, akaenda Lyon, akapanda hadi Cologne, ndipo akarudi Paris, mgonjwa, siku nzima nzima kwenye viti vya treni. Nilikuwa nimembishia mapema, kichwa changu kikiwa mikononi mwake. "Ma sœur, dada yangu, siwezi kuanza kwa mudogo na mukubwa iko," alinijibu. "Na mambo ya ugonjwa haisemwaka ku telefone. Mukubwa anaikala, anasikia, njo anaelezea wengine." Kwao ndivyo habari nzito inavyosemwa: kwa mkubwa kwanza, na mkubwa awe ameketi.

Basi huyo mkubwa alimpokea stesheni akiwa na koti mwilini, anaangalia saa. Zamu inamngoja, nyumba ni ndogo, amemtafutia hoteli nzuri. Kahawa waliinywa wamesimama. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa jembe kabla hajatua sanduku. Asubuhi kaka alimtumia ujumbe wa kumtakia safari njema. Cologne, kaka wa pili alimtembeza, akamlisha, wakacheka sana, naye dada hakuutaja ugonjwa, kwa sababu mkubwa hajasikia. Paris, mdogo alichukua likizo, akapika sombe, yale majani ya muhogo, na samaki wakavu waliotoka Durban ndani ya lile sanduku, wakala sahani moja na kulala kitanda kimoja. Hapo pia akanyamaza. Aliporudi alinisimulia safari hiyo yote akinisuka, nikamuuliza kaka alisema nini. Aliendelea kunisuka. "Eish, hakuikala," akasema, na hatukulizungumza tena.

Sasa niseme wazi: na yeye nimemkasirikia. Yule mdogo angejua, angepanda ndege kesho yake akaja kumuuguza dada yake. Heshima gani hiyo inayomfanya mtu afe peke yake ilhali ana ndugu watatu wazima? Lakini mila haikukosea yote. Ilijua kwamba mambo mengine hayasemeki kwa mtu aliyesimama. Sisi tuliohama ndio tuliojifunza kusimama. Hata huku Morningside, tunakoishi sisi Wakenya wenye kazi za ofisini, binamu akifika kutoka nyumbani swali la kwanza ni anaondoka lini. Tunampa nenosiri la Wi-Fi kabla ya maji ya kunywa, halafu tunajisifu kwamba tuko bize, kana kwamba ubize ni cheo.

Jumapili kwenye matanga, simu iliegemezwa kwenye birika mezani, kaka mkubwa akatokea kwa video kutoka Lyon. Alilia kwa sauti, na sikatai kwamba machozi yalikuwa ya kweli. Kisha akaanza kulaumu. "Juu ya nini alitufichaka? Sisi si bandugu yake?" Waombolezaji walitazama chini kwa adabu. Mimi si ndugu, sikupaswa kufungua mdomo, lakini nilishindwa.

"Kaka, hakukuficha," nikamwambia. "Alikuja mpaka Lyon kukuambia. Alikuwa anangoja ukae."

Picha iliyumba, ikaonyesha dari, halafu tukasikia kiti kikivutwa. Alikuwa ameketi, na hapakuwa na mtu wa kumwambia kitu.

Wasomaji wangu, mtu wenu akija kutoka mbali, msiulize amekuja kwa siku ngapi. Vueni koti, kaeni chini, mnyamaze. Akiwa hana la kusema, mtakuwa mmepoteza saa moja tu.