Paneli ya Shangazi Ruti na Jua la Saa Sita

Shangazi yangu Ruti hajui kuimba, nami nampenda hivyo hivyo. Sauti yake inakwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Mwalimu Zabron, kiongozi wa kwaya ya kanisa letu pale Itaka, alimtoa kwaya kwa adabu zote: "Mama Lusungu, wewe utusaidie kwa maombi." Shangazi alicheka mbele yake, akaenda kulia nyumbani.

Ila kwa kahawa, hapo mnyamaze. Asubuhi anaianika kwenye vichanja, saa tano anaifunika kwa turubai jua kali lisiipasue, saa tisa anaifunua. Alitufundisha hivyo watoto wote wa kaka yake, na aliyesahau alikiona.

Mwaka 2009 kahawa ilimlipa. Akaenda Tunduma, akarudi na paneli ya sola, taa tatu na betri nene ya gari. Betri akaichongeshea sanduku la mbao lenye mishikio, iweze kuhama: leo iwashe taa kwake, kesho iende kwenye msiba kwa jirani. Taa zilipowaka mara ya kwanza alicheza sebuleni mpaka kilemba kikamvuka.

Basi, wiki moja kabla ya sikukuu ya mavuno jenereta la kanisa likafa, kinanda kikakosa umeme. Wazee wakataka kukodi jingine Mlowo. Shangazi akasimama mbele ya washarika wote: "Msikodi. Betri yangu itabeba kinanda mpaka wimbo wa mwisho." Mwalimu Zabron alimtazama kwa mashaka, nami nikamchukia papo hapo.

Jumatano kwaya ikafanya mazoezi kwa betri ile. Wimbo wa pili haujaisha, kinanda kikazima. "Tutakodi tu, mama," alisema Mwalimu Zabron. Shangazi alimsihi asubiri mpaka Jumapili. Niliumia sana kumwona hivyo.

Kesho yake tulibeba lile sanduku, yeye huku mimi huku, mpaka barabarani, tukapanda gari nalo mpaka Tunduma kwa Bashiri, aliyemuuzia.

"Mwanangu, umeniuzia betri mbovu!"

Bashiri, mtu wa Kondoa mwenye subira zake, aliipima. "Betri nzima, mama. Ina njaa tu. Paneli umeiweka wapi?"

"Kwenye kichanja, na kahawa. Juani kabisa."

"Kutwa nzima?"

"Kutwa nzima wapi? Saa tano naifunika. Kioo kile na jua la saa sita, si kitapasuka?"

Bashiri alikaa chini akacheka mpaka akafuta machozi. "Wallahi mama, jua unalolifunika ndilo chakula chenyewe!"

Kumbe zile taa tatu zilikuwa zikiridhika na makombo; kinanda na spika yake havikuridhika. Shangazi alimtazama Bashiri, akanitazama mimi, kisha akaangua kicheko kilichowageuza wapita njia. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi.

Ijumaa na Jumamosi, ilipofika saa tano, alifunika kahawa yake, akaketi kwenye kigoda kando ya paneli iliyo wazi. Mkono ulimwasha aifunike nayo. "Inaungua, wewe!" alinilalamikia. Nikamwambia aiache. Aliiacha, lakini akaikalia macho mpaka saa tisa.

Jumapili sanduku liliwekwa chini ya kinanda, na shangazi akaketi karibu nalo, ameushika mshikio. Wimbo wa tatu, wa tano, wa nane. Kinanda kilinguruma tu. Ulipofika wimbo wa mwisho furaha ilimshinda, akafungua kinywa akaimba.

Ile ile sauti yake. Watu wakageuka. Mwalimu Zabron naye akageuka, akamtazama, akautazama waya unaotoka kwenye kinanda kuingia kwenye sanduku lake. Kisha akainua mkono na kumwashiria apandishe sauti.