Kisanduku Kilipokuwa Baridi

Shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu, kazini wanamwita Bi Taratibu. Kwa miaka mingi amekaa kwenye meza niliyomwachia nilipostaafu, katika karakana ya antena. Juu yake ipo mashine ya kupima nyaya: hupeleka mawimbi ndani ya waya, kisha husoma yanayorudi. Haiaminiki mpaka isawazishwe kwanza kwa vipande vinavyojulikana: kilicho wazi, kilichozibwa, na kinachomeza mawimbi yote. Bi Taratibu hukifuta kila kipande kwa spiriti, akakikaza kwa spana mpaka ilie tak, akakifungua, akafunga kingine. Ni kazi ya subira. Mimi niliijua kwa vitabu vya kuokota, si kwa chuo.

Sasa wameleta kisanduku cha umeme cha kusawazishia, chenye vipande vyote hivyo ndani yake. Unakichomeka mara moja, chenyewe kinabadilisha vipande ndani kwa ndani, kufumba na kufumbua kimemaliza. Siku hizi kila kitu ni kuchomeka. Mikono tulipewa ya nini?

Mkuu wa karakana akaamua vishindanishwe kwa waya mmoja ambao majibu yake yanajulikana. Njia itakayoyakaribia zaidi ibaki mezani. Nyingine iende stoo, pamoja na mtu wake. Nikaenda kushuhudia.

Bi Taratibu alitangulia, na mstari wake kwenye kioo ukatulia kama maji ya mtungini. Fundi wa kisanduku, mtu wa maneno mengi, akamtania kwamba kwa mwendo ule bibi harusi angemaliza kupambwa akiwa na wajukuu. Watu wakacheka. Naye akachomeka kisanduku chake, tayari kuanza papo hapo.

Kisanduku kile kikiwa baridi husoma kombo. Mimi nilijua, shemeji alijua. Nikamkanyaga mguu anyamaze.

"Taa yake bado nyekundu, mwanangu," akamwambia yule fundi. "Ngoja kipate joto, usije ukaaibika."

Wakangoja. Kikashinda, tena kwa tofauti nyembamba kama unywele.

Njiani nilimwuliza kama ana akili timamu.

"Kingepimwa kikiwa baridi, shemeji," akasema, "tungekuwa tumepima nini?"

Swali hilo linaniudhi mpaka leo. Jumatatu yake akahamia stoo, kugawa skrubu. Mimi nimeacha kumsalimia mkuu wa karakana. Shemeji anamsalimia, na kunisimulia kwamba kiti cha huko stoo kina egemeo zuri. Kiti, jamani.