Kitenzi cha Mama Osea

Hapa Hasamba mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Tusekile tulimwita Mama Osea kwa miaka ishirini na mitatu. Kisha Osea, aliyekuwa utingo wa lori, akafa Tunduma mpakani, kwenye foleni ya kuvukia Nakonde, upande wa Zambia. Baada ya mazishi tukaanza kumwita Mama Tumpe, kwa jina la binti yake, mtoto wa pili. Tuliona ndiyo huruma yenyewe, na wala hatukumuuliza. Mimi ndiye niliyeanza, na sijivunii.

Mwaka jana kanisa letu lilianza kutafsiri Injili ya Luka kwa Kinyiha, lugha yetu. Mchungaji Fanueli alisoma Kiyunani chuoni, jambo ambalo hakuacha kutukumbusha hata siku moja. Kazi ilikwenda hivi: yeye anasoma fungu tulilotafsiri, msikilizaji analisimulia upya kwa maneno yake, mimi naandika. Msikilizaji akikwama, tafsiri ina kasoro. Tulimchagua Tusekile kwa kuwa hapambi maneno.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya mjane wa Naini, anayekwenda kumzika mwanawe wa pekee. Nilimnong'oneza Mchungaji tuliruke fungu hilo. Tusekile akasikia.

"Someni. Sikuacha kupalilia kahawa nije kubembelezwa."

Fungu hilo lilitutesa wiki mbili kwa kitenzi kimoja cha Kiyunani, splankhnizomai. Kwa Kiswahili tumezoea kusema Bwana alimwonea huruma. Lakini Mchungaji alitueleza, safari hii bila madaha, kwamba kitenzi hicho kimetoka kwenye neno la matumbo, na hapo kina umbo la kutendwa, tendo la mara moja lililokwisha kupita. Bwana hakukaa akaamua kuhurumia. Huruma ilimshika tumboni. Ndivyo tulivyoandika kwa Kinyiha.

Mchungaji alisoma polepole. Tusekile akaweka kiganja tumboni, akaanza kusimulia.

"Yesu alikuwa anaingia mjini. Akakutana na jeneza. Nyuma ya jeneza anatembea Mama Osea."

Kalamu yangu ikasimama.

"Hakuna aliyemwomba kitu. Alimwona tu yule mama, tumbo likamkaza, kama langu lilivyokaza kule Tunduma nilipofunua shuka. Akagusa jeneza. Akasema, Osea, inuka. Akamrudisha kwa mama yake."

Akatutazama.

"Wangu hakuinuka. Nimekubali. Lakini ninyi mlimzika, halafu mkaenda kumzika tena midomoni mwenu. Miaka miwili sijasikia mtu akitaja jina la mwanangu."

Niliona aibu, nikalia mbele yao. Mchungaji, na Kiyunani chake chote, aliinamia karatasi zake.

Kwa utaratibu wetu, mwishoni mimi ndiye ninayemuuliza msikilizaji swali. Juu ya ukurasa nilikuwa nimeandika Mama Tumpe. Nikalikata jina hilo.

"Kuna neno lililokukwamisha," nikauliza, "Mama Osea?"

Alifumba macho.

"Hakuna," akasema. "Uliza tena."