Mwangaluka Mpaka Oili Ipande

Mimi ni mwalimu na ni mtu wa haraka, kwa hiyo mayu Milembe, yaani mama kwa Kisukuma, alinitesa sana. Ndiye mwenye mashine ya kusaga hapa Somanda. Anawasha injini yake ya dizeli, halafu badala ya kumimina mahindi yako anaanza salamu. Mwangaluka. Nyumbani mhola, salama? Watoto? Ng'ombe? Mimi sina ng'ombe, ikabidi niwe nawajibia wa baba mkwe.

Zamani hakuwa hivyo. Aliwasha na kumimina papo hapo, na ndani alitia oili nzito, namba hamsini. "Injini yangu ni mzee," alisema, "na mzee hafunikwi kanga, anafunikwa blanketi." Asubuhi za Juni mzee huyo alikohoa na kugonga mpaka mtaa mzima ukaamka. Ikifa, Milembe alijua yatakayomkuta. Mwanawe Mihayo alikwisha kuapa kumhamishia Mwanza, akakae sebuleni kutazama televisheni. Sebule ile aliiogopa kuliko kaburi.

Akaenda kwa Hamimu, muuza vipuri, ambaye alimpa dumu lililoandikwa 15W-40.

"Hiyo W ni ya wazee?" akauliza Milembe. "Kama ni ya wazee, nipe yenye W mbili."

"Ni ya baridi, mayu. Injini ikilala usiku kucha, oili yote inashuka chini. Asubuhi ile nzito inapanda kwa kujikokota, huku juu vyuma vinasagana vikavu. Hii ni nyepesi kwenye baridi, na injini ikipata moto bado inashika. Ila nayo uipe muda kidogo kabla ya kazi."

"Muda gani?"

Hamimu, mtu wa Tanga aliyechoshwa na salamu zetu, akacheka. "Salamu moja ya Kisukuma inatosha."

Yeye alitania. Milembe aliondoka na kipimo. Kugonga kukaisha, sisi tukabaki kwenye foleni tukihojiwa habari za ng'ombe.

Mwezi uliopita malaria ilimlaza hospitali siku mbili. Mihayo akaja kutoka Mwanza kushika mashine. Akapiga hendeli, injini ikawaka, akanyoosha mkono kuchukua ndoo yangu. Nilikuwa wa kwanza, na kipindi changu kilikuwa kimeshaanza. Lakini nilimpenda mama yule, na sebule ile niliiogopa kwa niaba yake. Nikaikumbatia ndoo.

"Mwangaluka, baba," nikasema.

"Poa, mwalimu. Lete mahindi."

"Nyumbani mhola?"

"Mhola, mhola. Lete!"

"Watoto?"

Akanipita, akamfuata wa pili. Wa pili naye akaficha ndoo nyuma ya gauni. "Mwangaluka, baba. Ng'ombe hawajambo?"

"Sina ng'ombe! Mimi naishi Mwanza!"

Mama wa tatu akatua ndoo yake chini taratibu, akaikalia.

"Basi tuanze na kuku," akasema.